Jibu la Mjomba

Juzi niliona vijana Ziwa Jipe wakipindua mitumbwi ya plastiki na kuipanda tena, nikasikia upya harufu ya matope na matete.

Siku moja nikiwa msichana, baada ya wazazi wetu kufa, shangazi alikuwa ametoka Bomeni kuwachukua wadogo zangu wawili. Alisema msichana hawezi kulea yatima kwa kuvua samaki. Mjomba alichukua kasia. Alitupakia mtumbwini, akatufikisha penye kina, akaupindua. Tulikuwa tumefanya zoezi hilo kwenye maji ya kina kifupi tu, nami nilidhani ananiaibisha. Sikujua kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

"Usiogelee! Shika mtumbwi!" alifoka kutoka majini. "Wadogo zako wako wapi? Tikisa maji yatoke. Panda kwa nyuma, we kiboko, si ubavuni!"

Wadogo zangu walicheka huku meno yakigongana. Nilipanda, nikaanguka, nikapanda tena. Nikawavuta mmoja mmoja, nikakomba maji kwa kibuyu, nikapiga kasia hadi ukingoni alikosimama shangazi, nikiwa nimeinua kichwa.

Shangazi alichukua furushi la nguo zao alilolifunga asubuhi, akanirudishia.

"Haya, mama yao," akasema. "Wavishe nguo kavu."