Siku Niliyomwombea Bamdogo kwa Sauti

Naandika haya nimejifunika shuka mpaka kichwani mchana kweupe, maana siku hizi hata kuku wa jirani wakinitazama naona kama wanajua. Lakini bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjasikia ya Mama Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, ambaye kila akisimulia anaongeza chumvi (juzi nimeambiwa eti nilipiga magoti barabarani nikalia, si kweli, nilisimama wima).

Naitwa Skola, niko kidato cha tatu, naishi kwa bamdogo wangu, mdogo wake baba, ambaye ni daktari katika hospitali ya misheni huku juu milimani, upande wa Mbinga. Na kitu kimoja mnijue nacho, mimi mbele za watu siongei. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake nalijua kabisa, nasimama, nafungua mdomo, nakaa. Basi, imetoka hiyo.

Sasa bamdogo anapasua watu miaka na miaka, wenye ngiri, wenye kidole tumbo, akina mama walioshindwa kujifungua, wote wanapita mikononi mwake halafu unawakuta shambani wanapalilia kahawa kama hakijatokea kitu. Lakini si bingwa. Ili awe bingwa wa upasuaji lazima afanye mtihani mkubwa, na ili aruhusiwe kuufanya lazima aombe, na huko kuomba kwenyewe ni mtihani mwingine: vyeti, picha, maelezo ya operesheni alizofanya (haya nilimchapia mimi kwenye kompyuta, ndiyo maana nilijua mambo mengi kuliko umri wangu), halafu lazima daktari bingwa aje amwone kwa macho yake akipasua, ndipo amthibitishe. Bingwa huyo angekuja Jumatatu kutoka Songea, na Jumatatu hiyohiyo ndiyo dirisha la maombi lilikuwa linafungwa. Mgonjwa aliyepangwa alikuwa mmoja, Mzee Hyera wa Kihagara, aliyepandishwa kutoka kule ziwani na ngiri yake ya siku nyingi.

Bamdogo hakutaka mtu ajue, kwa sababu mwanzo alishaomba, akakubaliwa, akaenda, akafeli. Tulijua sisi wa nyumbani tu. Wiki ile alikuwa hatulii. Chai anakunywa amesimama, anatoka nje, anarudi, anafungua kompyuta kuona kama picha yake imepokelewa, mtandao unakata, anakimbilia kule juu kwenye mibuni ameinua simu hewani kama anampungia mtu mkono. Ugonjwa wake ukanipata na mimi, nikawa naosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Jumamosi jumuiya ilisali kwetu. Kwa kawaida siku kama hiyo mimi najificha jikoni, nasingizia naangalia chai. Lakini siku ile jikoni mawazo yalinizidi, nikaona bora nikakae na watu, nikajibanza mkekani karibu na mlango. Kosa ndilo hilo, hakuna jingine. Bamdogo mwenyewe alikuwa zamu hospitalini. Ilipofika wakati wa kila mtu kutoa nia yake, wakubwa wakaomba mvua, wakaomba bei ya kahawa, kisha Mama Mwenyekiti akageuka.

"Mbona vijana wetu kimya? Skola, mwanangu, leo mko nyumbani kwenu. Tutolee hata nia moja."

"Mama, mimi..."

"Mungu hatishi hivyo, binti. Sema tu."

Kichwani nilishaiandaa: tuwaombee wagonjwa wote. Fupi, salama, hata mtoto wa chekechea angeiweza. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na nilipofungua mdomo kikatoka kile kilichokuwa kimenijaa wiki nzima:

"Tumwombee bamdogo, ameomba kufanya mtihani wa upasuaji, ili safari hii afaulu."

"Twakuomba utusikie!" wakaitikia, tena kwa nguvu kuliko walivyoitikia bei ya kahawa. Kisha bibi mmoja nyuma akamuuliza mwenzake, "Kasema safari hii?" Mama mdogo, mke wa bamdogo, alinitazama mpaka nikatamani mkeka unimeze.

Jumapili baada ya Misa jumuiya hupeleka uji wodini. Mama Mwenyekiti (hana ubaya, ana mdomo tu) akafika kitanda cha Mzee Hyera, akataka kumtia moyo. "Usiogope baba, Dokta wako tumeshamwombea mtihani wake. Safari hii atafaulu."

Jumatatu asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, nikampelekea bamdogo chai hospitalini. Bingwa alishafika, ameketi, anapitia makaratasi yake. Nesi akaja mbio.

"Dokta, mgonjwa hayupo. Kaondoka na kifurushi chake. Anasema yeye si daftari la watu kufanyia mazoezi."

Bamdogo akanigeukia. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Skola, ulimwambia mtu?"

"Sikumwambia mtu, bamdogo. Nilisali."

Nikaweka chupa ya chai chini nikatoka mbio na kandambili zangu mpaka kijiwe cha bodaboda. Mzee Hyera yupo pale, shuka la hospitali begani, kifurushi cha usipa, dagaa wa ziwani, mapajani, anabishana nauli ya kumshusha ziwani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si wa kwa Dokta? Kamwambie nimepona."

"Babu, anajua kupasua. Mtihani ni wa kuwa bingwa."

"Kama anajua, wanamtahini nini?"

"Jibu hilo, dada!" wakadakia vijana wa bodaboda, ambao walishazima pikipiki ili wasikie vizuri.

"Tena nimesikia mwanzo alianguka," mzee akaendelea. "Aliangukia wapi? Tumboni kwa nani?"

Kijiwe kizima kikacheka. Nikaona bamdogo anakosa sahihi, anakosa dirisha, anabaki anakunywa chai amesimama maisha yake yote, na sijui nini kilinipanda.

"Hakuangukia tumboni kwa mtu! Kule hawapasui mtu, wanaulizwa maswali kwa mdomo, kwa Kiingereza, madaktari wakubwa wamekaa mstari mzima wanamkodolea macho, na bamdogo akikodolewa macho anasahau hata jina lake, kwetu ukoo mzima tuko hivyo, mikono yake inajua kila kitu ila mdomo unakataa!"

Mzee Hyera akanitazama juu mpaka chini.

"Mbona wewe umeongea?"

Akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo kinachofeli ni mdomo."

"Ndiyo babu."

"Basi mimi sikupanda huku kusimuliwa hadithi. Wewe kijana, washa pikipiki."

Tukarudi mshikaki, watatu pikipiki moja, mzee katikati. Nilidhani aibu imeishia kijiweni. Tumeingia tu, mzee akapaza sauti mbele ya bingwa, manesi na ndugu wote wa wagonjwa:

"Dokta, nimerudi! Mwanao ametueleza, mikono yako haina shida, ni mdomo. Sasa usiongee, fanya kazi!"

Na dereva nyuma yake, amebeba usipa: "Hata kijiweni tunakuombea!"

Bingwa akakohoa kwa muda mrefu sana. Bamdogo akaenda kunawa mikono, wakaingia chumba cha upasuaji. Mzee Hyera alitoka salama, bingwa akathibitisha, na jioni bamdogo akapanda kwenye mibuni na kompyuta kifuani mpaka maombi yakaenda. Bingwa alipoaga alimwambia neno moja tu: jizoeze kujibu mbele ya watu.

Kwa hiyo sasa kila jioni bamdogo anasimama sebuleni amevaa tai, mimi nakaa kitini namuuliza maswali kwa Kiingereza, yeye anagugumia, na mimi nagugumia katikati ya swali. Jana alijibu moja mpaka mwisho. Nikamuuliza tena lilelile, nihakikishe sikuota.

Amekubaliwa, atakwenda. Mimi nimeweka nadhiri kwamba kuanzia sasa naomba kimoyomoyo tu, Mungu ataniwia radhi. Ila usingizi sina. Akitoka nyumbani watu wanamwuliza njiani, "Dokta, mdomo unaendeleaje?" na kutoka Kihagara zimeletwa salamu za Mzee Hyera, anataka kujua matokeo yanatoka lini. Mwanzo bamdogo alifeli peke yake, chumbani, mlango umefungwa. Safari hii akifeli, tutakuwa tumefeli jumuiya nzima, wodi nzima, kijiwe kizima, mpaka kule chini ufukweni.