Wimbo wa Maksai wa Lokwawi

Hapa Lodwar kila mwanamume ana maksai wake wa moyoni na wimbo aliomtungia. Mwenyewe akifa, wimbo nao umekwisha. Hakuna mwingine wa kuuimba, hata mkewe. Nawoi alilijua hilo kuliko mimi, mkalimani niliyefuata mshahara kutoka Lamu.

Kisha wakaja wazungu wa filamu, kupiga picha za mamba na za Waturkana. Walikuwa na mashine ya kunasa sauti, kitu kipya siku hizo. Lokwawi, mume wa Nawoi, akainua mikono juu mithili ya pembe za maksai wake, akaiimbia mashine mpaka jasho likamtiririka. Nawoi alikuwa kando yangu, anacheka.

"We Feruzi, hilo sanduku lenu likimmeza mume wangu nitakudai wewe!"

"Linameza sauti tu, shemeji. Hata akiwa kibogoyo, humo ataimba vilevile."

Kiherehere changu. Wiki hiyohiyo walimtaka Lokwawi amchome mamba mkuki mara ya pili, maana mara ya kwanza jua lilikuwa limekaa vibaya. Maneno hayo nilimfasiria mimi. Mamba akamwahi, akazama naye.

Miaka mitatu Nawoi hakunipa nafasi ya kupumua. Kila akija kuuza maziwa ni swali lilelile, filamu inarudi lini. Siku moja akakaa chini kabisa. "Sura yake ninayo," akasema. "Sauti inanitoka, Feruzi. Jana nimeitafuta kutwa nzima."

Filamu ilirudi. Bwana mkubwa wa wale wazungu alitaka picha nyingine, akaona awafurahishe wazee kwanza. Tuliziba madirisha ya ghala la mahindi kwa ngozi za ng'ombe, mchana, tukatundika shuka. Nawoi alikaa mbele kabisa, shanga zote shingoni, amejipaka mafuta kama bibi harusi.

Lokwawi akatokea shukani, mzima, mikono juu. Akafumbua kinywa. Tukasikia tarumbeta, na mzungu fulani anapiga porojo kwa Kiingereza. Wazungu waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Nawoi akainuka, akaenda kubandika sikio kwenye shuka, palepale penye kinywa cha mumewe.

"Feruzi! Mwambie huyo anayebwabwaja anyamaze. Ananizibia!"

Nilimwambia bwana mkubwa. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba watazamaji wa kwao hawaelewi lugha ile, hivyo wimbo waliufuta na kuweka maneno ya kuchekesha. Haupo tena popote.

"Anasemaje?" Nawoi aliuliza, sikio bado liko shukani, ijapokuwa Lokwawi alishapita na sasa walikuwepo viboko.

Niliona haya, na nilimwogopa. "Anasema wimbo umebaki kwao."

Akageuka, uso umemchangamka ghafla.

"Kwao ni mwendo wa siku ngapi kwa miguu?"