Sahani Mbili Ndani ya Jalada Moja

Ninaikumbuka vizuri Jumapili moja ya ujana wangu, mwanangu, nyumbani kwa baba huko Jinja, siku ambayo mwanamume niliyemtaka alikaribia kunipotea kwa sababu ya sahani ya santuri. Nakusimulia kwa kuwa juzi nilikusikia ukibishana na wenzako hapa kibarazani. Ulisema mpiga gitaa fulani hana mpinzani duniani. Nilipokuuliza ni wimbo gani wake uliokugusa, ukafungua simu kutazama watu wamesema nini. Sikupendezwa, ila sikutaka kukukemea mbele ya wageni wako.

Baba yangu alikuwa fundi umeme kiwandani. Babu zake walikuja na majeshi kutoka Sudan, wakaoa huku, wakabaki huku, na ingawa watu humdhania kila Mnubi kama sisi kuwa askari, yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa gwanda hata siku moja. Injinia mmoja Mwingereza, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia gramafoni na makasha ya sahani. Nyingi zilikuwa za jazi. Nyingine zilikuwa za ile roki ya vinanda na gitaa, ambayo wimbo mmoja unaweza kumaliza upande mzima wa sahani. Nyumbani tuliiita roki ndefu. Baba alikuwa mtu wa jazi, mimi binti yake wa pekee nikawa mtu wa roki ndefu, na kwa hilo tuligombana kila wiki kwa raha zetu.

Maoni yangu hayajabadilika sana, na sitaki unibishie. Mpiga saksafoni anayeacha nafasi ya kupumua namweka juu ya yule anayejaza kila kipenyo, hata kama vidole vya huyo wa pili vinakimbia kuliko macho yangu. Sahani zinazouzwa mbili mbili kwa jina moja huwa na upande mmoja wa takataka, na ukibahatika ni mmoja tu. Bendi nyingi za roki ndefu ziliharibika siku zilipoanza kufupisha nyimbo ili redio ziwapende. Na mpiga besi akikosea, bendi nzima imekosea, ndiyo maana hao siwasengenyi. Baba alikuwa akisema roki ndefu ni muziki wa watu walioingia nyumba kubwa wakasahau mlango wa kutokea. Nilimjibu kwamba wapiga piano wake wa jazi wanasinzia kazini. Amekufa hatujamaliza ubishi huo, Mungu amrehemu.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa na desturi yake. Mgeni akija, baada ya chai baba huweka sahani. Upande mzima unasikilizwa kimya, na mtoto akilia hutolewa nje. Sindano ikifika mwisho, mgeni ndiye anayeulizwa kwanza: umesikia nini? Sisi wenyeji hatukuruhusiwa kutia neno kabla yake, baba akisema tutamharibia masikio. Majirani walikwisha kuzoea. Mzee mmoja muuza samaki wa bandarini Masese alikuwa akijibu kila mara kwamba amesikia njaa, na baba alimpenda sana kwa jibu hilo.

Swaibu alikuwa mfanyabiashara kijana wa Mbale. Aliuza vitambaa sokoni, na siku ya gulio alivipeleka Nakaloke. Majora yake alikuja kuyachukua Jinja, kwenye stoo nilikokuwa karani, na huko ndiko tulikojuana. Alikuwa mpole, msafi wa nguo, mcheshi akishazoea. Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Tulikubaliana aje nyumbani aonwe na baba kwanza, na akipendeza, wazee wake watafuata kuposa.

Jumapili hiyo akaja. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kanzu imepigwa pasi, na kila alipoulizwa neno alijibu, "Ndiyo, afande."

"Mimi si afande," baba akamwambia. "Mimi ni fundi."

"Ndiyo, afande."

Chai ikaisha. Baba akatoa sahani, akaiweka, na kwa heshima akampa mgeni jalada alishike. Hapo panahitaji maelezo kidogo. Jalada la sahani yangu niliyoipenda kuliko zote, ya roki ndefu, lilikuwa limeliwa na panya. Kwa hiyo nilikuwa nimeiingiza sahani hiyo kwenye jalada la sahani moja ya jazi ya baba, zikalala pamoja humo. Siku ile baba alichomoa bila kutazama, na sauti ya kwanza ilipotoka nikajua ni ile yangu: kinanda, gitaa, dramu. Baba naye aliitambua, akaiacha iendelee. Swaibu yeye alikuwa ameshika jalada la jazi, ameinama, anasoma yale maandishi ya Kiingereza ya nyuma. Alisoma tangu mwanzo mpaka sahani ilipokwisha. Nilidhani anaona haya kututazama.

"Haya, umesikia nini?" baba akamuuliza.

Swaibu akajikohoza. "Hii muziki iko muzuri sana, afande. Huyu mutu ya besi, yeye ndiye anabeba wenzake. Na saksafoni inalia kama mutu anakumbuka kwao."

Mwanangu, kwenye sahani ile hamna saksafoni. Hamna hata filimbi. Nilitamani sakafu inimeze. Baba hakumuumbua. Alimshukuru, akauliza habari za mvua ya Mbale, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi ndipo aliponiambia nimtumie ujumbe kwamba wazee wake wasije.

"Alikuwa anakuogopa tu, baba," nikamtetea.

"Basi angesema anaogopa. Hilo nalo ni jibu." Akaketi, akanitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mimi nimezaa msichana mmoja. Atakayekuoa ndiye nitakayeongea naye nikizeeka. Huyu nitaongea naye nini? Nikimwonyesha ninachotaka kusikia, atanirudishia hicho hicho. Na wewe pia. Siku unaumwa, siku umekosea, utamuuliza nani?"

Nililia siku hiyo. Nililia kwa sababu nilimtaka Swaibu, na kwa sababu baba hakuwa amekosea.

Swaibu alipokuja tena stoo kuchukua mzigo, nilimweleza yote bila kumfichia, pamoja na panya na zile sahani mbili. Akakaa juu ya jora la kitambaa, akajishika kichwa.

"Kwa kweri, Hadija, mimi sikusikiriza. Nimesoma ile kartasi mpaka imeingia kwa kichwa. Nimeogopa baba yako ataona mimi mushamba."

"Na muziki wenyewe?"

"Ile? Ile mbaya. Kichwa iliniuma."

Ile mbaya! Sahani yangu! Nilitaka kumfukuza mwenyewe, nimpunguzie baba kazi. Nilimwandikia stakabadhi yake bila kumtazama, nikamwacha apakie. Lakini nikiwa peke yangu mle stoo nikatambua kwamba tangu tujuane kila nilichopenda mimi na yeye alikipenda. Chai yangu tamu, gauni langu zuri, mtaa wetu mzuri kuliko wote Jinja. Hili la kichwa kuuma ndilo neno la kwanza alilonipa bila kulipamba. Nikatoka mbio, nikamkuta bado anafunga kamba kwenye gari la Mbale.

"Jumapili uje," nikamwambia. "Umweleze baba ulivyosikia. Hivyo hivyo."

"Atanifukuza."

"Ameshakufukuza. Unaogopa nini tena?"

Akaja. Baba hakumtarajia, lakini mgeni ni mgeni, alimpa chai. Kisha akaweka sahani ile ile, upande ule ule, na jalada safari hii akalikalia mwenyewe. Swaibu alifumba macho. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono chini ya kanga. Wimbo ule ni mrefu, lakini sijawahi kuuona mrefu kama siku hiyo.

"Haya," baba akasema.

"Afande, mimi sikupenda." "Hii muziki inaanza, inaacha, inaanza tena kama gari mubovu. Pale katikati tu, pale mutu ya kinanda amebaki peke yake, pale nimesikia kitu. Nimekumbuka mama yangu, sijui kwa nini. Halafu hao wengine wanarudi, wanaharibu."

Baba akacheka, akapiga goti lake. "Mimi nimemwambia huyu msichana maneno hayo kila siku! Wanarudi wanaharibu!" Nikaingia sebuleni bila kuruhusiwa, nikasema hawaharibu, wanajibu kinanda, nyie hamna masikio. Tukabishana watu watatu mpaka adhana ya magharibi. Baba alipokuwa anatoka kwenda kutawadha aliniambia kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kwamba wazee wa kijana wanaweza kuja.

Nimeishi na Swaibu hapa Nabuyonga, Mbale, tangu ujana wangu mpaka uzee huu. Roki ndefu hajaipenda. Nikiweka sahani huchukua redio yake ndogo akaenda nyuma ya nyumba. Ameniudhi mara nyingi kwa ulimi wake, sikufichi, hasa kuhusu upishi. Lakini ule mwaka niliokatwa ziwa kwa saratani, niliporudi kutoka hospitali, kila aliyekuja kunijulia hali alisema nimenawiri, nimependeza. Sikumwamini hata mmoja. Walipoondoka nilimuuliza yeye: nimekuwaje? Alinitazama vizuri. Akasema, "Umekonda sana, na mimi sipendi hivyo. Lakini kwangu bado uko muzuri." Nililala usiku ule kwa mara ya kwanza tangu nikatwe.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Muziki usikilize mpaka mwisho kabla hujasoma mtu mwingine amesema nini. Ukiulizwa, toa chako, hata kama ni kidogo, hata kama ni kwamba hujaelewa au umesikia njaa. Ukikosea utarekebishwa na wanaokupenda, na ubishi wao utaukumbuka wakiwa hawapo. Usijizoeze kusifu usichokisikia kwenye mambo madogo kama sahani, maana siku mtu wako atakapohitaji neno lako kwa jambo kubwa, utamsifu kwa dhati naye hatakuwa na namna ya kujua kwamba safari hii ni kweli. Mungu akulindie masikio yako, akupe ujasiri wa kusema "sikupenda" mbele ya unayemwogopa, na akuletee nyumbani mtu ambaye akikwambia wewe ni mzuri, utamwamini. Amina.