Koko na Mashine ya Majina

Waasi walikuwa wamefunga njia ya Bunagana, mpakani na Uganda. Wafanyabiashara wa Birere, hapa Goma, wakajaa katika siberi ya mjukuu wangu, duka lake la intaneti, kila mutu mbele ya ordinateri yake, kompyuta ya kukodi, akitafuta habari za mizigo. Lakini kurasa zilichelewa kufunguka, na siberi ya ng'ambo ya barabara ilikuwa na viti vitupu. Mama mmoja akasimama, mwenzake akafuata. Wakienda hawa, mjukuu wangu anafunga mlango.

"Rezo, huu mtandao wenyewe, si mbaya, Koko," mjukuu akaniambia mimi bibi yake. "Shida ni ile mashine ya mbali yenye kuulizwa majina. Ukiandika jina la tovuti, yeye ndiye anasema iko wapi. Kuna zingine tatu. Nazipima, nachukua yenye kujibu mbio."

Kuulizwa jina na kusema mutu anakaa wapi! Si kazi yangu hiyo? Tangu volkano imeze mitaa yetu, nani hajaniuliza fulani alihamia wapi?

"Mukae kwanza," nikawaambia waliosimama. "Mashine ikipimwa, na mimi munipime."

Wakakaa huku wakicheka, wakanirushia majina. Nikawarudishia mtaa, ukoo, hata sababu ya ugomvi na jirani.

"Koko, wamekuuliza mtaa tu! Unachelewa!" mjukuu akanikemea.

Walipouliza jina lile lile mara ya pili, nilijibu hata halijaisha kutajwa.

Ndipo muzee muuza betri, mjanja kunizidi, akanitupia jina alilolitunga palepale. Nilijua halina mwenyewe Goma nzima. Lakini nishindwe na chuma?

"Nyuma ya kanisa, mlango wa bluu."

"Muongo! Nimelitunga sasa hivi!"

"Basi nenda umwambie mwenyewe kwamba hayupo."

Siberi nzima ikaangua kicheko, ila mjukuu wangu. Yeye aligeukia kioo, akabuni jina la tovuti, akaziuliza mashine zote tatu. Ile ya mbio kuliko zote ikajibu bila aibu: ikamfungulia matangazo ya sabuni. Zingine mbili zikasema jina hilo halipo.

"Kumbe Koko iko na ndugu yake," muzee akasema.

Mjukuu akaiacha hiyo ndugu yangu muongo, akachagua ile iliyoifuata kwa mbio. Kurasa zikaanza kufunguka. Ya kwanza ilikuwa ya muzee mwenyewe: betri zake zingali upande wa Uganda. Akatukana waasi, akatukana duane, wale watu wa forodha, akanitukana na mimi. Lakini alitukana akiwa amekaa kwenye kiti chetu.