Kiti Kati ya Mlinzi na Mshonaji

Wanafunzi walimwita Mwalimu Chaki, na jina lilimkaa. Chaki ilikuwa vidoleni, kwenye mkoba, kwenye pindo la gauni, hata kwenye nyusi. Ukimpa mkono unaondoka nayo. Alikuwa mwembamba, mkali, na aliamini jambo moja: neno ambalo halijaandikwa halijasemwa. Ukimwomba ruhusa ya kwenda msalani anakwambia, "Andika." Kwa Kiingereza, na nukta mwishoni. Watu wazima na ndevu zao walibana miguu huku wakitafuta kalamu. Mnacheka? Ningewaona nyinyi.

Dada yake mkubwa alikuwa Mwalimu Redio, na huyo naye, salale! Mdomo haukupumzika. Alifundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mikono, na mwanafunzi akikosea alikigonga kwa kifundo cha kidole, ko ko, bila kumkatiza. Sheria yake ilikuwa moja: ukiambiwa sentensi, ijibu. "Sentensi isiyojibiwa ni mgeni uliyemwacha mlangoni," alikuwa akisema, na darasa zima linajibu, "Karibu!"

Wawili hao walikuwa na darasa la Kiingereza la watu wazima, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari. Chumba kilikuwa kimoja, lakini walikigawa kwa ukuta wa mbao nyembamba. Upande wa dirishani, Redio alifundisha kusikiliza na kuzungumza. Upande wa ngazi, Chaki alifundisha kusoma na kuandika. Mtu alijifunza lugha kama anayenunua kuku wa vipande: leo mapaja, kesho mabawa, na kuku mzima hamjui.

Redio ndiye aliyechoka kwanza. "Mdogo wangu, tuvunje huu ukuta," alisema. "Nani umewahi kumwona anasikiliza Jumatatu na kujibu Alhamisi?" Chaki hakutaka. Kelele zingeharibu mwandiko.

Siku moja Redio akampa cheti dereva wa lori aliyeongea Kiingereza kama maji ila hakuweza kuandika mstari mmoja. Chaki akamnyang'anya dereva cheti kile mbele za watu. "Wewe unafundisha kasuku!" akamwambia dada yake. Redio akajibu hapo hapo, "Na wewe unafundisha mabubu!" Darasa lilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu, maana tusi bila watazamaji hupoa jioni ile ile.

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Dereva alichukua jembe: alihama darasa na hakurudi. Dada wawili wakabaki kama paka na panya, jiko moja, sufuria mbili. Kazini walitumiana wanafunzi. "Mwambie mwenzangu madirisha yafungwe." "Mwambie kama ana la kusema, aandike." Redio hakuandika ng'o. "Nina mdomo," alikuwa akijibu, na mjumbe alirudi na jibu hilo hilo mikono mitupu.

Sasa sikieni siku yenyewe. Ilikuwa mchana wa joto, mabati yakilialia juu. Upande wa Redio kulikuwa hakuna mtu, wanafunzi wake walikuwa bado njiani. Upande wa Chaki watu walikuwa wameinama wakiandika imla, mtungi wa maji ukiwa miguuni pa mwalimu. Sauti ikapita kwenye mbao, ya chini, si ya Redio wanayoijua: "Mdogo wangu. Njoo."

Chaki aliisikia. Hilo msilisahau, maana yeye hakulisahau hata siku moja. Aliisikia vizuri, akawaza, ameanza tena. Mama mmoja mshonaji wa nguo alikuwa amekaa karibu na mlango. Chaki akamwambia bila kugeuka, "Mama, nenda kamwambie aandike."

Mshonaji akaenda, akarudi. "Nimemwambia, mwalimu. Amenyamaza tu."

Imla ilipokwisha walimkuta Redio kwenye kiti chake, kichwa kimelala begani, kama mtu anayesikiliza. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hata wangekimbia wasingewahi kitu. Alisema kwa wema, na ilimsaidia Chaki kama dawa ya chunusi inavyomsaidia anayeumwa jino.

Msibani, binti wa Redio alimshika mkono. "Mama mdogo, wewe ulikuwa naye. Mama alisema nini mwisho?"

"Hakusema kitu, mwanangu."

Basi. Tangu hapo Chaki akawa anakula bila kusikia ladha. Dada yake alitaka kumwambia nini? Alikuwa anamlaani? Anamsamehe? Alijiuliza akifua, akisahihisha, akipanda ngazi. Majuto ni mjukuu, wanasema, ila wa Chaki hakungoja kuzaliwa, alikuja na meno yote.

Ukuta ulivunjwa mwezi ule ule. Fundi seremala aliuliza, "Mbao niziweke wapi?" Chaki akamwambia achukue zote, hata bure. Wanafunzi wa pande zote mbili wakakaa pamoja, wakatazamana kama wakwe. Wa Redio waliropoka na hawakujua kuandika. Wa Chaki waliandika barua za kupendeza, na ukiwasalimia wanatokwa na jasho. Mmoja wao alikuwa muuguzi wa kike, mwandiko wake wa kuchapisha, ambaye siku moja alisimama mbele ya mgonjwa mgeni aliyekuwa analia kwa maumivu, akashindwa kumuuliza wapi panauma.

Kwa hiyo Chaki akaanzisha mchezo ambao Redio alikuwa ameuomba miaka mingi. Waliuita mnyororo. Viti vinapangwa mstari mmoja kutoka ubaoni kuelekea dirishani na kurudi. Mwalimu anamnong'oneza wa kwanza sentensi ya Kiingereza. Huyo anaisikiliza, anamnong'oneza wa pili, wa pili wa tatu, hivyo hivyo mpaka kwa muuguzi aliyekaa mwisho, ambaye anaiandika ubaoni, na mwenzake anaisoma kwa sauti. Masikio, mdomo, mkono, macho, vyote kwa safari moja.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Alipeleka "Mbwa wa jirani yangu analala mchana kutwa," ikarudi jirani analala na mbwa. Watu walicheka mpaka mwenye duka la vipuri akagonga dari.

Halafu wanafunzi wakaongezeka na mstari ukarefuka, ukafika pale kwenye kiti cha Redio. Kilikuwa bado dirishani. Hakuna aliyekatazwa kukikalia, na hakuna aliyekikalia. Kikaangukia katikati: huku mlinzi wa benki, pande la mtu lenye sauti nzito, kule yule mama mshonaji.

Siku hiyo sentensi ilirudi nzima. Chaki alidhani bahati. Kesho yake akapeleka ndefu, yenye koma na mashaka, ikarudi nzima. Akapeleka nyingine akiwa amekosea kitenzi makusudi, kuwapima. Muuguzi akaiandika ubaoni bila kosa.

"Nani ameisahihisha?" Chaki akauliza.

Watu wakatazamana. Akarudi nyuma mtu mmoja mmoja. Muuguzi alisema aliipokea hivyo hivyo. Waliofuata wakasema hivyo hivyo, mpaka kwa mshonaji.

"Nimeisikia kwa huyu hapa," mshonaji akasema, akaelekeza mkono pembeni, kwenye kiti kitupu. Akakitazama. Akacheka kidogo. "Yaani, kwa mlinzi."

"Mimi nilimwambia aliye karibu yangu," mlinzi akasema, na akakunja uso kama mtu aliyesahau alikoweka funguo.

Chaki akaamua kutazama. Alipeleka sentensi, akasimama pembeni. Mlinzi alipofikiwa, hakurefuka kuvuka kiti amfikie mshonaji, la hasha. Aliinamisha kichwa kidogo, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona kwenye hewa, juu ya kiti, kimo cha sikio la mtu aliyeketi. Kukawa na kimya kifupi. Kisha mshonaji, ambaye alikuwa anatazama dirishani, akaegemea upande ule, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia wa mbele yake. Wote wawili walifanya kama mtu anavyopokea chenji dukani, mawazo yako kwingine.

Nywele za shingo zikamsimama Chaki. Alitaka kupiga kelele, akameza mate. Darasa lilipokwisha alibaki peke yake, mchana mweupe, magari yakipiga honi chini, akaweka kiganja kwenye mkono wa kile kiti. Ulikuwa na joto. Jua, akajiambia, ni jua la dirishani. Akatazama sakafuni na kuona jua lilikuwa limeishia mbali, halijafika pale.

Mwingine angekitupa kiti kile, na mimi nisingemlaumu. Chaki alikiogopa, ndiyo. Lakini kuliko woga alikuwa na lile swali. Akapiga moyo konde, na siku iliyofuata akainama kwenye sikio la mwanafunzi wa kwanza, akanong'ona kwa Kiingereza sentensi ambayo alikuwa hajawahi kumwambia binadamu: "Siku ile, ulitaka kuniambia nini?"

Mnyororo ukaenda. Wale wa mwanzo waliipitisha kama sentensi ya kawaida ya somo la wakati uliopita. Ikamfika mlinzi. Akaziba mdomo kwa kiganja, akainamia kiti.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Nje, redio ya duka la jirani ilikuwa inaimba, ikakatika. Mshonaji akaegemea kiti. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, uso ukambadilika kidogo, akamgeukia wa mbele. Maneno yakasogea mdomo kwa sikio, mdomo kwa sikio, mpaka kwa muuguzi. Muuguzi akainuka, akachukua chaki, akaiweka kwenye ubao. Hakuandika.

"Andika," Chaki akasema.

"Mwalimu, nimeambiwa nisiandike."

"Na nani?"

"Ndivyo ilivyokuja. Inasema, yeye haandiki. Inasema uje."

Kutoka kwenye kile kiti, mbele ya darasa zima, ikasikika: ko ko.

Mlinzi alitazama mikono yake mwenyewe. Wanafunzi wa zamani wa Redio, waliokufahamu kugonga kule, waliinamisha macho kwa adabu, kama mkubwa ameingia chumbani.

Chaki alivuka darasa. Watu wanasema alitembea, mimi nasema alijikokota. Mshonaji alimnyanyukia, akampisha, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, siku ile ni mimi uliyenituma. Alikuwa anatazama mlango. Nilidhani amekasirika."

"Si kosa lako, mama. Ni langu."

Akaketi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ualimu alikuwa amekaa kwenye mstari kama mwanafunzi, mikono mitupu, hana chaki wala kalamu. Akaegemea upande wa kile kiti. Harufu ilikuwa ya sabuni ya kufulia ile ile waliyogawana vipande tangu utotoni, hata walipokuwa hawasemezani. Akafumba macho, akasikiliza.

Alichosikia hakikuwa Kiingereza. Kilikuwa sauti ya nyumbani, ile ya chini ya siku ile, karibu kabisa, na pumzi ilimgusa sikio, ya baridi.

"Nilitaka maji tu, mdogo wangu. Sasa sina kiu."

Alilia, jamani. Alilia kwa sauti, kilio cha mtoto, machozi na makamasi, chaki ikimtiririka mashavuni. Maji! Miezi yote alikuwa anangoja laana, au msamaha wenye maneno makubwa, kumbe mtu alitaka glasi ya maji, na mtungi ulikuwa pale pale miguuni mwa mdogo wake. Na ndani ya hofu yake kitu kilichokuwa kimembana kifuani kikalegea.

Darasa lilingoja. Sheria ya Redio kila mmoja aliijua: ukiambiwa sentensi, ijibu. Hata wanafunzi wa Chaki mwenyewe, wale mabubu, walikuwa wamemkodolea macho, midomo wazi, wakimngojea. Na yeye, mwalimu wa miaka yote ile, alipapasa gauni akitafuta kalamu. Angekuwa na karatasi angejaza pande zote mbili.

Mwisho akageuka, akaweka midomo karibu na ile hewa baridi, na kwa mdomo wake mwenyewe, bila mjumbe, akasema alilolisema. Lilikuwa fupi. Mlinzi, aliyekuwa karibu kuliko wote, alisikia "dada," na mengine hakuyasikia, au hataki kuyasema.

Mikono ya kile kiti ikalia kidogo, kama mbao inavyolia mtu mzito anapoinuka. Mlinzi akashusha pumzi. Baridi ilikuwa imeondoka, na joto la mabati likarudi juu ya vichwa vya watu.

Kule ubaoni muuguzi alikuwa bado amesimama, chaki mkononi, msichana mtiifu aliyefundishwa vizuri. "Mwalimu," akauliza, "hii nayo niandike?"

Chaki akajifuta uso kwa kiganja, akakitazama kiti kitupu, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hii ya mwisho ya dada nampelekea binti yake, kwa mdomo."