Shangazi Aliposimama kwenye Kiitikio

Wimbo ule sikuupenda tangu siku ulipoingia nyumbani kwangu. Binti yangu aliuleta kutoka Australia pamoja na shahada yake ya uhandisi, ikawa kila akipiga pasi, kila akiendesha gari, magitaa yanalia na mwanamme mmoja anapiga ukelele kama aliyebanwa kidole na mlango. Nikamwambia, "Mama, serikali ilikupeleka kusoma au kupigiwa kelele?" Akacheka. Akasema kule wimbo huo unapigwa kwenye mechi, madukani, harusini, na watu wazima na mvi zao wananyanyua mikono na kuuimba mpaka makoo yanakauka. Mtoto akirudi salama kutoka mbali unamwachia mengi.

Laiti ningeupiga marufuku!

Siku ya hina tulikusanyika nyumbani kwangu Sib, hapa Omani, baada ya alasiri, wanawake watupu. Akdi ilikwishafungwa, binti yangu alikuwa mke wa mtu, ila hajatoka kwetu. Kilichobaki ni harusi yenyewe, Alkhamisi, siku ya kumtoa. Tulipiga taarabu, tukapiga nyimbo za Kiarabu, wasichana wakacheza mpaka jasho. Mwisho binti, mikono na miguu imejaa hina mbichi, akaomba apigiwe wimbo wake wa Australia. Nikasema moyoni, haya, na upigwe, yaishe.

Sasa, nna shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyetulea. Miaka yake inakaribia themanini, anatembea na mkongojo, na Kiingereza chake chote ni "tenkyu". Lakini ngoma ikilia, mkongojo anausahau. Kiitikio kilipoingia na zile ngoma za kishindo, Shangazi alinyanyuka, noti mkononi, akacheza kwa mabega. Njia aliyoipata kati ya mito na masinia ikampeleka mpaka mbele ya mama wa bwana harusi. Pale akasimama, akaipunga noti mbele ya uso wake, akatikisa kichwa, ndipo akageuka kwenda kumtunza binti.

Kwetu sisi tuliokulia kwenye taarabu, anayesimama kutunza kwenye ubeti, ubeti ule ni wake, ameusema yeye kwa kinywa chake. Na anayepungiwa noti anajijua kuwa ndiye anayeambiwa. Watu wamekatana undugu kwa hilo. Na kiitikio cha wimbo ule, binti alishanitafsiria, kinasema: funga virago, hapa hapana nafasi yako.

Na anayeambiwa ni nani? Mama wa bwana harusi alisomesha Kiingereza mpaka alipostaafu. Hakupitwa na neno. Tena wao ni watu wa bara. Waomani kama sisi, lakini wazee wao walikuwa na maduka ndani huko Afrika, mbali na pwani, na sisi wetu walikuwa Unguja. Na tusidanganyane, sisi wa Unguja tuna midomo. Tunawacheka lafudhi yao, tunawacheka pilau lao, tunajifanya sisi ndio tuliorudi kwetu na wao wamefuata nyuma. Mama yule maneno hayo ameyasikia umri mzima.

Aliweka kikombe chake cha kahawa chini, taratibu, hakumwaga hata tone. Akavaa abaya yake. Watu wake wote wakanyanyuka nyuma yake, na wimbo bado unaendelea.

Magharibi ile ile mkwe wangu akampigia simu binti. Nilikuwa pembeni, nikasikia yote. Mama yake amemwambia: ukimchukua msichana yule, radhi yangu huna. Akasema hataki kumwacha mkewe, lakini radhi ya mama ataipeleka wapi? Binti yangu alikata simu, akakaa anatazama hina yake iliyokolea vizuri. Talaka kabla hujaingia nyumbani kwa mumeo, na hina mkononi! Nilitamani kumtafuna mtu.

Kesho yake nilimchukua binti tukaenda kwa mama yule. Alitupokea kwa hishima ya barafu: tende, kahawa, ubani, na mimi akaniita "bibi", wakati wiki iliyopita nilikuwa "dada". Nilianza kueleza kuwa Shangazi hajui Kiingereza. Akanyanyua mkono. "Mwache mtoto aseme."

Binti akamsimulia khabari ya wimbo wenyewe, ambayo hata mimi sikuwa naijua. Aliyeutunga alikuwa mtoto wa mfuga kondoo. Mvua ilikatika kwao mwaka baada ya mwaka, kondoo wakafa, baba akashindwa kulipa, benki ikalichukua shamba. Mtu wa benki alikuja mpaka mlangoni, kofia mkononi, akasema maneno yale, na mtoto alikuwa nyuma ya mlango anasikiliza. Alipokuwa mkubwa akayatia kwenye gitaa. Maredio yalimkatalia, yakasema ni uchungu mtupu. Madereva wa malori ndio waliouomba na kuuomba, mpaka ukashika nchi nzima. Leo wanauimba wakicheka, wengi hawajui ulikotoka.

"Kwa hiyo mama," binti akamaliza, "wimbo ni wa aliyefukuzwa. Si wa mfukuzaji."

Mwalimu yule akasema, "Mwanangu, wimbo nliuelewa jana, na leo nimeuelewa zaidi. Sina ugomvi na mtoto wa mfuga kondoo." Akanigeukia mimi. "Sisi tulipofika hapa kutoka bara nlikuwa mtoto. Baba alikuwa na jina la jamaa mmoja wa Matrah, mji wa bandari, ameambiwa huyo atatupokea. Tukasimama chini ya nyumba, sisi na mizigo yetu. Mwanamke kijana akafungua dirisha la juu. Baba akajitaja, akataja tulikotoka. Yule akasema, hapa hapana nafasi. Akafunga. Tukarudi bandarini tukalala juu ya mizigo, na mama yangu ana mimba."

Nikauliza, "Nyumba ipi?" Mdomo wangu huu!

"Mlango wa kijani, nyuma ya soko, ngazi zipo nje upande wa kushoto."

Nimekulia nyuma ya mlango ule. Siku zile baba yangu alikuwa na kazi Salala, mji wa kusini, na nyumba ilikuwa mkononi mwa dada yake, Shangazi. Nikaitoa tende mdomoni, nikaiweka ukingoni mwa sahani.

"Mwanangu alipotaka kuoa kwenu," akaendelea, "nliuliza asili yenu, nikajua. Nikameza. Nikasema yamepita, watoto wanapendana. Halafu mwanamke yule yule ananijia uso kwa uso na noti, maneno yale yale! Hajui Kiingereza, sawa. Alkhamisi wimbo upigwe tena, mbele ya watu, kabla mwanangu hajaingia. Hapo ndipo ntakapoamua."

Nilimkuta Shangazi na tasbihi yake. Nikamuuliza kama alijua maneno ya wimbo. "Maneno yepi? Miye nlipenda ngoma," akasema, na mimi namwamini mpaka leo. Nikamwambia maneno. Akasonya, "Loh! Ndio nyimbo za kuwekewa bi harusi hizo?" Nikamwambia na khabari ya mlango wa kijani. Tasbihi ikasimama.

"Yule mtoto," akasema, "alikuwa ameshika viatu vyake mkononi. Vipya. Nlidhani anaogopa kuvichafua."

"Kwa nini hukufungua, Shangazi?"

"Niache," akaniambia. "Nataka kusali." Na wakhti wa sala ulikuwa bado.

Siku zilizofuata hakusema nami wala hakusema kama atakuja. Nilikuwa na hasira naye, nnakwambia, hasira ya kutaka kulia. Huyu ndiye aliyenifunza kumkaribisha mgeni kabla hajavua viatu. Alkhamisi jioni nilimkuta amejikalia garini, kavaa nguo yake ya kwendea harusi na ushungi, kamtangulia kila mtu.

Ukumbi ulijaa. Binti yangu alikuwa ameketi jukwaani peke yake na maua yake, kiti cha pembeni kitupu. Mumewe alikuwa nje na wanaume, anangoja mama yake aseme aitwe. Akiondoka mama yule, mwanawe haingii, na binti yangu atashuka pale jukwaani mbele ya watu wote. Waliokuwapo siku ya hina wote walilijua hilo, na waliokuwa hawajui walishanong'onezwa. Mama wa bwana harusi akamwashiria dijei.

Magitaa yakaanza. Hakuna aliyecheza. Nilimshika mkono dada yangu nikamfinya mpaka akaniambia nimwachie. Kiitikio kilipoingia, mama yule akasimama, noti mkononi. Akatembea polepole, akapita mbele yangu kama hanioni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kochi la Shangazi. Hakuipunga noti. Alisimama nayo tu.

Shangazi akatafuta mkongojo wake. Mtu akataka kumsaidia, akamsukuma. Akasimama mwenyewe, mpaka wakawa uso kwa uso. Nilisogea, potelea mbali, nilitaka kusikia.

"Nafasi ilikuwapo," Shangazi akasema. "Vyumba vya juu vilikuwa vitupu. Nlisikia mnatoka bara, nikafunga."

"Najua," akajibu. "Nlikuwa nayahisabu madirisha yasiyo na taa."

Shangazi akakaa, akajisogeza mpaka ukingoni mwa kochi, akapapasa mahala palipobaki. Mama yule alipatazama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akaiweka noti pale kwenye kochi, mahala ambapo angekaa, na hakukaa. Akamgeukia dijei.

"Urudie tangu mwanzo," akasema kwa sauti ya kusomesha darasa. "Mwanangu anaingia."