Skolastika Hakutaka Kucheka

Usiniambie niliota. Mtu anayeota hasimami kuhangaika na mlango ulio wazi huku baridi ya Mbinga inamng'ata miguu. Wala usiniambie nilikunywa, maana kilevi changu ni chai ya tangawizi na hilo mji mzima unalijua. Nimesikia yanayosemwa sokoni, eti yule dada wa steshenari anafuga majini ndani ya kompyuta. Nimenyamaza muda mrefu na sasa nimechoka. Kisikie kisa chenyewe kutoka kwangu mimi niliyekiona.

Mimi ni mtu wa Liuli, kule ziwani, ila riziki yangu iko Mbinga mjini. Nina chumba kidogo cha steshenari. Natoa kopi, natengeneza kadi za harusi, nachapa ratiba za misa za marehemu. Hiyo ndiyo kazi. Starehe yangu ni geimu moja ya kuendesha maisha ya watu. Unamuumba mtu, unampa sura, nguo na tabia, unamjengea nyumba, halafu yeye anaishi humo: anapika, analala, anakwenda kazini, anagombana na jirani. Mimi nawapiga picha humo humo, nazipanga, na chini ya kila picha naandika maneno mpaka inakuwa hadithi. Kila Jumapili naituma kwenye kundi la WhatsApp. Nina wasomaji hadi Mbamba Bay, na nikichelewa wananitukana bila haya.

Kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu geimu hiyo. Wale watu ukiwaachia wanafanya wanachotaka wenyewe. Ukihitaji picha nzuri unamwamuru mtu asimame hapa, acheke, kisha unasimamisha kila kitu na kupiga haraka kabla hajaondoka zake.

Sasa siku moja akaingia dukani mtu anaitwa Kosmas. Ni mkulima na mnunuzi wa kahawa wa Matiri, mtu mzima, mpole wa kauli, koti safi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akakaa. Mke wake, Skolastika, alikuwa amefariki karibu mwaka mmoja nyuma. "Presha, binti yangu. Ghafla tu," alisema. Misa ya mwaka ilikuwa inakaribia, na mpwa wake alikuwa amemwonyesha hadithi zangu kwenye simu. Akataka nimtengenezee kijitabu cha namna ile, cha maisha yake na marehemu: nyumba yao, kahawa yao, watoto wao wawili, na Skolastika akicheka.

"Hasa acheke," alisema. "Wakwe zangu waone nilivyomtunza."

Wala hakuficha sababu. Baada ya misa wazee wangekaa, naye angewaomba wampe Editha, mdogo wake marehemu, aje alee watoto wa dada yake na kuwa mke. "Mama mdogo si ndiye mama?" aliniuliza. Na mimi, niamini, machozi yalinilengalenga. Nilimwona mwanaume wa maana. Mpaka leo nikikumbuka machozi yale natamani kujipiga kofi.

Aliniachia picha ya arusi yao na picha za nyumba kwenye simu yangu. Nikajenga: bati jekundu, baraza, mlango wa mbao wa mbele, uwanja wa kuanikia kahawa. Nikamuumba Kosmas, nikawaumba watoto, nikamuumba Skolastika. Geimu haina vitenge, kwa hiyo nikamvalisha gauni jepesi la njano nililoliona zuri.

Matatizo yakaanza siku hiyo hiyo. Nikimwamuru Skolastika atoke uwanjani na wenzake, anafika nyuma ya mlango wa mbele, anasimama. Wengine wanatoka na kuingia, yeye hapana. Nikauangalia ule mlango kwa makini. Ndani ya geimu mlango unaweza kuufunga kwa mtu mmoja tu, na ukiufunga kinatokea kialama cha kufuli. Kufuli lilikuwepo, limefungwa kwa Skolastika peke yake. Sikuwa nimelifunga mimi. Nikalifungua. Nikageuka kumhudumia mteja wa kopi, narudi, limefungwa. Nikalifungua tena, nikahifadhi kazi, nikazima kompyuta. Kesho yake nawasha, limefungwa.

Unadhani niliogopa? Nilikasirika! Nilidhani geimu imeharibika, na mimi nina kazi ya mtu. Nikapata njia ya kumlaghai: nikambeba na kumtua uwanjani moja kwa moja, nikamwamuru acheke, nikapiga picha chapchap. Alicheka kwa lazima, kisha akageuka, akatembea hadi ndani na kusimama palepale nyuma ya mlango. Hivyo ndivyo nilivyopata kurasa zote tamu za kijitabu kile.

Jioni moja ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na umeme ukakatika. Kompyuta ilikuwa na chaji, nikaendelea na kazi kwa mwanga wake. Mlango wa duka niliuacha wazi kabisa ili mteja ajue nipo.

"Nifungulie," sauti ikasema.

Nikainua macho. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya kizingiti, mikono wazi, hana hata khanga begani, na baridi ile!

"Ingia dada, kuko wazi."

"Nifungulie."

Siku hiyo wateja walikuwa wameshanichosha kupita kiasi. "Dada, mlango huo hapo umefunguka," nikamwambia. "Au unataka nikubebe?"

Aliinua mkono, akagonga. Aligonga hewa tupu, pale katikati ya uwazi, na mimi nikasikia mlio wa mbao. Nakuapia, mbao! Akagonga tena, taratibu, kama mtu ambaye mkono umeshachoka.

Nilisimama. Nitakimbilia wapi wakati yeye ndiye yuko mlangoni? Nikachukua funguo zangu mezani, nikasogea, nikauzungusha ufunguo hewani kama ninayefungua kufuli. Nilijiona mwehu. Yule mwanamke akashusha pumzi ndefu, akaingia.

Alikaa kwenye benchi la wateja, na mwanga wa kompyuta ukamwangukia. Alikuwa amevaa gauni la njano. Lile lile nililomchagulia. Na sura ilikuwa ya mke wa Kosmas, ile niliyoihangaikia siku tatu nikiilinganisha na picha ya arusi.

"Hili gauni si langu," alisema, akilivuta kwa vidole viwili, amekunja uso. "Na kule sikucheka hivyo."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi niliuliza swali la dukani, maana ndilo lililokuja mdomoni. "Nikusaidie nini, dada?"

"Akienda kuuza kahawa alikuwa ananifungia kwa nje, nisitoke," alisema. "Siku ile nilikuwa na mimba. Nilianza kutokwa damu asubuhi. Niligonga. Watoto walikuwa shule, watu mashambani. Niligonga mpaka mkono ukachoka." Alikuwa anaiangalia ile picha yake akicheka. "Mimi yangu yamekwisha. Editha wasimpeleke mle."

Umeme ukarudi. Taa iliwaka, redio ya kinyozi wa jirani ikaanza kupiga kelele, na benchi lilikuwa tupu.

Niliogopa, sikatai. Nililala na taa inawaka. Lakini hofu haikukaa sana, kwa sababu hasira iliikuta na kuifukuza. Yaani mtu amfungie mkewe afe anagonga mlango, halafu aje kwangu, mikono yangu ndiyo imchekeshe? Na hicho kicheko ndicho akamwombee mdogo wake? Asubuhi nikaifungua geimu. Kosmas na watoto walikuwa uwanjani wanakula. Skolastika alikuwa nyuma ya mlango, na kufuli linaonekana. Sikumgusa mtu, sikupanga kitu, sikuandika neno hata moja chini. Nikapiga picha vilevile walivyokuwa na kuiweka ukurasa wa mwisho wa kijitabu.

Kosmas alipokuja kuchukua nakala zake alifunua kurasa mbili tatu za mwanzo, akatabasamu. "Umemwelewa sana marehemu," alisema, akanikaribisha Matiri kwenye misa. Nikamwambia nitakuja, na nilikwenda.

Misa ilisomwa, kaburi likabarikiwa, watu wakala ugali na nyama ya nguruwe. Pombe ya komoni haikukosekana, Wamatengo watani zangu hawana uchoyo hapo. Kisha ndugu wakakaa barazani na vijitabu vikagawiwa. Walianza kwa vicheko. "Angalia bati! Angalia watoto!" Editha, msichana mwembamba wa kama miaka kumi na tisa, alikaa chini karibu na mama yake, hajafunua chake. Kosmas akasimama na kuanza kuomba kwa maneno mazuri, watoto, upweke, damu moja. Wazee wakawa wanatikisa vichwa wakikubali.

Mjomba wa marehemu alikuwa msomaji wa polepole. Kosmas karibu anamaliza ndipo yeye akafika ukurasa wa mwisho.

"Baba," alimwita Kosmas, "mbona mtoto wetu yuko ndani na ninyi mnakula nje?"

Kurasa zikafunuliwa baraza zima. Mama yake Skolastika alitazama mara moja, akajifunika uso kwa khanga.

"Mtengenezaji amekosea, mjomba," Kosmas alijibu, akanitolea macho. "Ni mchezo wa kompyuta tu huo."

"Na hili kufuli?"

Hakuna aliyemshutumu. Mzee aliuliza tu. Lakini Kosmas alipandisha sauti. "Nilifunga kwa usalama wake! Ningejuaje kama siku ile ndiyo atatokwa damu?"

Nikasikia kuku wanavyochakura uwanjani. Mwaka mzima alikuwa amewaambia presha.

Sasa unatarajia niseme polisi walikuja. Hawakuja! Wazee walisema mambo ya familia yamalizwe kifamilia. Editha hakutolewa, watoto wawili wakachukuliwa na bibi yao siku hiyo hiyo, Kosmas akatozwa ng'ombe wa kuomba radhi. Basi. Ng'ombe! Msimu uliofuata nilimwona Mbinga sokoni na mizani yake ya kahawa, watu wanampa mkono, wanacheka naye. Mimi ndiye wanayemkwepa. Mimi ndiye mchawi. Akina mama wa jumuiya walioniagiza kadi walikwenda kuchapisha kwingine, na kuna katekista mmoja ambaye akinikuta njiani hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Aliyefunga mlango ni mwema, aliyeuonyesha ni mshirikina. Nieleze hiyo akili ni ya wapi.

Geimu ninayo bado. Skolastika hayumo tena, sikumfuta mimi. Na umeme ukikatika jioni nafunga duka, hata kama mteja yuko katikati ya kopi.

Ila si Kosmas anayenikosesha usingizi, wala si marehemu. Ni Editha. Alikuja dukani baada ya muda, ana vyeti vyake vya shule anataka kopi za kuombea chuo. Nilimfurahia, nikakataa hela yake. Kusema kweli nilikuwa nasubiri anishukuru, na alinishukuru.

"Asante sana, dada," alisema. "Ila nikuulize. Ulijua tangu lini kwamba naombwa?"

"Tangu siku ya kwanza. Shemeji yako aliniambia hapa hapa."

Alizipanga kopi zake vizuri kwanza. "Na hukuniuliza kama nataka."

Nikainamia mashine ya kopi.

"Lile kufuli nililiona mwenyewe, dada. Nilikwenda kumtembelea nikaongea naye kupitia dirisha. Nilimwambia mama, akasema ya ndoa si ya mtoto. Baada ya hapo nilikuwa nasubiri mtu aniulize. Alipokufa nilisema sasa wataniuliza. Walipoanza kunipangia ndoa nikasema sasa lazima waniulize." Akachukua bahasha yake. "Matiri si mbali. Nilikuwepo tu nyumbani."

Ndiyo maana nakuonya wewe unayesikiliza, hasa kama na wewe unaandika maisha ya watu kwa picha au kwa maneno. Akija mtu na marehemu wake mzuri mdomoni, usilie naye. Panda bodaboda, nenda kwao, kamtafute aliye hai ambaye hajaulizwa kitu. Yule mwanamke alitoka kaburini Matiri, akatembea na gauni jepesi kwenye ukungu hadi Mbinga, kuja kunieleza jambo ambalo mdogo wake alikuwa tayari kunieleza mchana kweupe.